Mwalimu, Niongezee Hii Mia Tano

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, yale ambayo sisi watu wa elimu tunayaita TP, nilipangiwa Historia Kidato cha Kwanza, kipindi cha mwisho. Waliowahi kufundisha kipindi cha mwisho wanajua. Saa nane mchana, bati linawaka, wanafunzi sabini na ushee, nusu wanasinzia na nusu wanawaza daladala. Wiki ya kwanza kiukweli nilifundisha ukuta.

Wiki ya pili nikaingia na vijipira viwili vya sponji mfukoni. Nikamwita binti wa dawati la mbele, nikamwekea kimoja kiganjani na kumwambia afumbe mkono kwa nguvu. Cha pili nikakishika mwenyewe, nikakipuliza, kikapotea. Alipofumbua mkono wake, vikachomoza viwili. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia dirishani. Nikajiona nimeshafaulu TP siku hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi kijana mmoja wa darasa lile alinisubiri chini ya mwembe. Akafungua kiganja, ndani kuna sarafu ya mia tano, nauli yake ya kurudi nyumbani. "Shikamoo mwalimu. Naomba uniongezee hii." Nilitaka kucheka, nikamwangalia usoni nikaacha. Hakuwa anatania.

Nilimrudishia mia tano yake, nikamwambia asimpe mtu yeyote anayedai anaweza kuiongeza, mimi nikiwemo. Siku nzima nikawa najiuliza: mimi na wale jamaa wa karata tatu pale stendi tunatofautiana nini? Wao wanachukua hela, mimi nimechukua makofi. Lakini wote tumemwachia mtu imani ambayo siyo ya kweli. Basi nikaamua kueleza kila kitu. Nilivyowaeleza wale watoto ndivyo ninavyokueleza na wewe, ndugu msomaji.

Tuanze na vifaa. Duniani huko vijipira hivi vinauzwa vikiwa tayari. Vinavyojulikana sana ni vile vyenye jina la Mmarekani Albert Goshman, aliyekuwa bingwa wa mchezo huu. Sisi wenzangu na mimi tunaosubiri bumu, tunakwenda kwa fundi sofa. Vipande vya sponji vinavyobaki chini anavitupa, mimi alinipa bure. Kata mchemraba wa kama sentimita nne, punguza pembe kwa mkasi kidogo kidogo mpaka uwe duara. Chagua sponji laini, ile ambayo ukiiminya inakwisha mkononi na ukiiachia inarudi. Tengeneza vitatu vinavyofanana. Watazamaji watajua habari za viwili tu. Hicho cha tatu ndicho kinachofanya kazi.

Hatua ya kwanza ni kujifunza kuficha. Laza kijipira kwenye mashina ya vidole vya kati na cha pete vya mkono wa kulia, kisha vikunje kidogo tu. Geuza mkono, kiganja kitazame chini au kikuelekee wewe. Tembea nao hivyo chumbani, fungua mlango, shika kalamu. Mkono unaoficha ukikakamaa kama umefungwa plasta ya hospitali, hata mtoto wa chekechea atauuliza una nini.

Hatua ya pili ni kupeana kwa uongo. Unajifanya unatoa kijipira mkono wa kulia na kukiweka wa kushoto. Wa kushoto unafumba kana kwamba umepokea. Wa kulia unabaki nacho kwenye vile vidole viwili na kushuka taratibu pembeni. Siri ya kulifanya hili vizuri nilichelewa kuijua: kabla ya kudanganya, fanya ukweli. Weka kijipira mkono wa kushoto kwelikweli, mara kumi mbele ya kioo, ukitazama mkono unavyofumba, bega linavyosogea na macho yanavyokwenda. Halafu mara ya kumi na moja fanya vilevile bila kukiachia. Wengi tunakosea kwa sababu tunaiga uongo ambao hatujawahi kuuona ukiwa ukweli.

Na macho, jamani! Tazama mkono wa kushoto, ule mtupu. Ukiuangalia wa kulia hata mara moja, na wao watauangalia. Binadamu hufuata macho ya mwenzake. Wala usiharakishe, maana haraka ndiyo inayowaamsha watu.

Hatua ya tatu ni mchezo wenyewe. Ficha kijipira kimoja mkono wa kulia, viwili viwe mezani. Kwa mkono huohuo wa kulia, chukua kimoja cha mezani, kiminye pamoja na kile kilichofichwa vionekane kimoja, kisha viweke kiganjani mwa mwenzako na umsaidie kufumba. Mwambie aminye kwa nguvu. Sasa chukua kilichobaki mezani, kipeane kwa uongo kwenda kushoto, subiri kidogo, puliza, fungua. Hakuna kitu. Mwambie naye afungue. Vipo viwili.

Kwa nini asihisi kwamba ameshika viwili? Kwanza, sponji haina uzito wa kumshtua. Pili, ikiminywa inapoteza umbo, na ngozi ya kiganja haipati ukingo wa kuhesabu. Tatu, hajawahi kushika hata kimoja, kwa hiyo hana cha kulinganisha nacho. Ndiyo maana usimpe ashike kimoja kwanza. Ila kubwa kuliko yote ni muda. Yeye anakaza macho wakati unapuliza, kumbe kazi iliisha nusu dakika nyuma, ulipomsaidia kufumba mkono. Analinda mlango ambao mwizi alishatoka zamani.

Kiswahili chetu kimeuita mchezo wa namna hii kiinimacho, na mimi nasoma Kiswahili pamoja na Historia, kwa hiyo jina hilo nalipenda. Linasema kwamba jambo limetokea kwa anayetazama. Mezani hakuna kilichobadilika. Vijipira vilikuwa vitatu mwanzo na vitatu mwisho.

Sasa turudi darasani. Wenye fani yao hawapendi siri itolewe, na wana hoja. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba vikombe na kokoto za wacheza kiinimacho humfurahisha kwa ule udanganyifu wenyewe, na kwamba akishajua unavyofanyika, raha inakwisha. Namwelewa. Lakini yupo na Mwingereza Reginald Scot, ambaye mwaka 1584 alichapisha The Discoverie of Witchcraft. Ndani ya kitabu hicho alieleza michezo ya mikono ya vijipira na ya sarafu, hatua kwa hatua. Hakuwa anafundisha burudani. Enzi zake watu walikuwa wananyongwa kwa tuhuma za uchawi, naye alitaka kuonyesha kwamba jambo la kushangaza linaweza kuwa na maelezo ya kawaida kabisa. Sisi wenyewe tunatoka nchi ambayo bibi amewahi kuuawa kwa sababu macho yake ni mekundu, na wekundu huo ni moshi wa jikoni. Kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya watoto na kufanya muujiza, kisha akaondoka bila kusema chochote, hajafanya utani mdogo.

Nikaingia kipindi cha mwisho nikaeleza yote. Nikatoa kijipira cha tatu, nikageuza mkono waone vidole vinavyofanya kazi, nikarudia polepole. Nilidhani nimemaliza. Yule binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo umetuonyesha ya kutupoza. Ile ya jana yenyewe umeificha." Darasa zima likaitikia, eeh!

Hapo ndipo nilipojifunza ualimu kuliko semina zote nilizohudhuria. Tunaamini kwamba ukishamweleza mtu, ameelewa. Wapi! Nilikuwa nimewapa maneno tu, na maneno ya mwalimu wanayo mengi. Siku iliyofuata nikaleta mfuko wa sponji na mikasi mitatu ya kuazima. Wakatengeneza vyao kwa makundi. Ilikuwa vurugu, nakiri, na mwalimu wangu mlezi aliniuliza mada hiyo ipo ukurasa gani wa muhtasari. Lakini ilipofika kama siku ya nne, yule binti alinifuata ofisini, akaniwekea kijipira kiganjani, akakifumba kwa mikono yake miwili, akapuliza chake. Vidole vilimtetemeka, na niliona kila kitu. Nilipofungua mkono vikatoka viwili, na yeye mwenyewe akaruka kwa mshangao. Akasema taratibu, "Kumbe ni mkono tu." Hilo nililisema mimi tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba safari hii alilisema yeye, baada ya mkono wake kulifanya.

Seneca naye naona alikosa kidogo. Wale watoto walijua siri, na bado walikaa mapumziko mazima wakitazamana mikono, wakishangilia aliyefanya vizuri. Mshangao haukufa, ulihama tu. Mwanzo walimshangaa mchawi, baadaye wakashangaa kazi.

Kijana wa mia tano hakuwahi kuwa fundi, mikono yake ni mizito. Ila wiki ya mwisho aliniambia kwamba alisimama stendi akawatazama wacheza karata tatu kwa muda mrefu. Hakuitazama karata, alitazama ule mkono mwingine. Halafu akapanda daladala na nauli yake ikiwa mfukoni.

Kama unakwenda TP mwaka huu, beba vijipira, vitakuokoa kipindi cha mwisho. Ila usitoke darasani kabla hujawaachia mkasi. Na ukinikuta kantini nikikuonyesha mkono wa kushoto, tafadhali, angalia wa kulia.