LAINI YA SIMU ISIYO NA KADI: CHAMA KITAIFUNGIA WAPI?

Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi, kadi ya simu ya chama hutunzwa kama vitunzwavyo mhuri na kitabu cha stakabadhi. Simu ikiharibika, kadi huchomolewa, hufungwa katika kipande cha karatasi na kuwekwa ndani ya kasiki hadi simu nyingine ipatikane. Katibu anapoondoka madarakani, kadi huwa miongoni mwa vitu anavyomkabidhi mrithi wake mbele ya mashahidi. Desturi hiyo ni njema, lakini haitadumu, kwa sababu zimekwisha kutokea simu zisizo na mahali popote pa kuingizia kadi. Laini imo ndani ya simu yenyewe, nayo haionekani wala haishikiki. Kwa kuwa taarifa za malipo ya wakulima, ujumbe wa benki na maagizo mengi ya Chama Kikuu hupita katika laini hiyo, yafaa viongozi na wanachama waelewe kadi ile ilikuwa na kazi gani, na kazi hiyo sasa inafanywa na kitu gani.

Kadi za kwanza kuuzwa zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya mjini Munich, Ujerumani, kwa ajili ya kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland. Ukubwa wa kadi ulikuwa sawa na wa kadi ya benki, yaani milimita 85.6 kwa 54. Simu zilipozidi kuwa ndogo, kadi nayo ilipunguzwa hadi milimita 25 kwa 15, na hii ndiyo inayokumbukwa na wengi waliomiliki simu za mwanzo hapa nchini. Baadaye ikawa milimita 15 kwa 12, na mwaka 2012 ikafikia milimita 12.3 kwa 8.8. Katika kupunguzwa kote huko, kilichoondolewa zaidi kilikuwa ni plastiki ya pembeni. Mafundi wa mitaani, waliokuwa wakikata kadi kubwa kwa mkasi ili ziingie katika simu mpya, walilijua jambo hilo vema bila ya kufundishwa na mtu: maadamu mkasi haukugusa kile kipande chenye rangi ya dhahabu, kadi iliendelea kufanya kazi.

Chini ya kipande hicho ipo chipu, ambayo kwa hakika ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna mambo mawili makubwa. La kwanza ni namba ya utambulisho wa mteja, isiyozidi tarakimu 15, ambayo kwa laini za Tanzania huanza na 640 na kwa laini za Kenya huanza na 639. Namba hii si ile ambayo watu hupigiana. La pili ni siri, nayo ni mfululizo mrefu wa tarakimu ambao nakala yake imo katika mitambo ya kampuni ya simu. Simu inapowashwa, mtambo huipelekea namba iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Kadi huichanganya namba hiyo na siri yake kwa hesabu maalumu, kisha hurudisha jibu. Mtambo nao hufanya hesabu hiyo hiyo kwa kutumia nakala yake, na majibu yakilingana, simu huruhusiwa kuingia katika mtandao. Siri yenyewe haisafiri hewani hata mara moja. Ni kama karani na mkaguzi wanaolinganisha jumla ya hesabu bila ya kuonyeshana vitabu.

Hapa hapana budi kuondoa dhana mbili zilizoenea, hasa miongoni mwa wanachama wazee. Dhana ya kwanza ni kwamba namba ya simu imo ndani ya kadi. Namba ile ianzayo na sifuri saba au sifuri sita imeandikwa katika daftari la mitambo ya kampuni, mkabala na utambulisho wa kadi fulani. Ndiyo maana mtu aliyepoteza kadi huweza kupewa nyingine na kubaki na namba yake ya zamani, kwani kampuni hufuta utambulisho wa kadi iliyopotea na kuandika wa ile mpya. Dhana ya pili ni kwamba fedha zimo ndani ya kadi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, pamoja na nyingine za namna hiyo, huweka hesabu za mteja katika mitambo. Kadi ikitumbukia mtoni, fedha hazikutumbukia nayo. Kinachopotea ni majina na namba za watu, ikiwa mwenye simu alizihifadhi kwenye kadi, na si makatibu wachache waliowahi kupoteza orodha ya wanachama kwa njia hiyo.

Ikiwa basi kadi ni siri na utambulisho tu vilivyowekwa juu ya chipu, plastiki inahitajiwa kwa kazi gani? Watengenezaji walijiuliza swali hilo, na kwa vyombo vingine walikuwa wamekwisha kulijibu. Huko Ulaya, aina mpya za magari madogo zimelazimika tangu tarehe 31 Machi 2018 kuwa na chombo cha kuita msaada zinapopata ajali, na aghalabu chipu ya laini katika chombo hicho imeunganishwa kwa risasi tangu kiwandani. Kwa simu za watu wa kawaida, chama cha kimataifa cha makampuni ya simu, GSMA, kilitoa kanuni zake mwaka 2016. Google iliitia chipu ya namna hiyo katika simu yake mwaka 2017, na Apple ikafuata mwaka 2018. Mwaka 2022 Apple iliuza nchini Marekani simu zisizo na tundu la kadi kabisa, na mwaka 2025 ikatoa aina moja ambayo haina tundu hilo katika nchi yoyote. Safaricom ya Kenya ilianza kutoa laini hizo mwaka 2021, na Tanzania pia zinapatikana. Jina lake, eSIM, ndilo linalotumika madukani.

Utaratibu wake ni huu. Chipu hukazwa ndani ya simu kiwandani, nayo hupewa namba yake yenye tarakimu 32. Mteja huenda katika ofisi ya kampuni, huthibitisha kuwa yeye ndiye, kisha hupewa picha yenye vijiraba vyeusi na vyeupe. Simu huipiga picha hiyo kwa kamera yake, na kwa njia ya intaneti huvuta utambulisho pamoja na siri, vikiwa vimefungwa kwa namna ambayo chipu ile tu ndiyo iwezayo kuvifungua. Kwa kawaida picha hiyo hutumika mara moja tu. Chipu moja huweza kuhifadhi laini kadhaa, ingawa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja huwa moja au mbili.

Faida zipo. Mwizi akiiba simu hawezi kuchomoa laini na kuitia katika simu yake ili apokee namba za siri zitumwazo na benki. Vumbi la ghalani na unyevu wa masika havina tundu la kuingilia. Lakini ugumu nao upo. Mwenye kadi ambaye simu yake imekufa katikati ya msimu huiazima simu ya jirani, huchomeka kadi yake na kazi ikaendelea. Mwenye laini isiyo na kadi hana njia hiyo, na ikiwa simu haiwaki tena, yampasa kuomba kampuni impe laini upya, tena awe na simu nyingine yenye chipu hiyo pamoja na intaneti. Kwa kijiji kilicho mbali na mji, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Wala simu ndogo za vitufe, zinazotumiwa na wanachama wengi, kwa kawaida hazina chipu hiyo. Kwa ajili yao kadi itaendelea kuwapo kwa miaka mingi, na chama kimoja kitakuwa na watu wa aina zote mbili.

Jambo zito zaidi linahusu ulinzi. Maadamu laini huweza kuhamishwa kwa kuandika upya daftari la kampuni, mlango wa wezi hauko kwenye kadi bali kwenye meza ya yule anayeandika. Tarehe 9 Januari 2024, ukurasa wa mtandaoni wa ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ulitangaza habari ya uongo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtu mmoja alikwenda katika duka la simu akiwa na kitambulisho cha kughushi, akapewa kadi mpya yenye namba ya simu iliyounganishwa na ukurasa huo, na wenzake wakautwaa. Kadi halali haikuibwa, wala hakuna aliyeigusa. Ikiwa ofisi kubwa namna hiyo ilipatikana kwa njia nyepesi kiasi hicho, haifai katibu wa chama kujiona salama kwa sababu tu kadi imo ndani ya kasiki.

Hapa Tanzania usajili wa laini kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo mwenye laini, mbele ya kampuni, ni yule ambaye jina lake limo katika usajili. Hili ndilo jambo ambalo Bodi nyingi hazijalitazama. Laini ya chama iliyosajiliwa kwa alama ya kidole ya katibu ni laini ya katibu, hata kama vocha zote zimenunuliwa na chama, na hata kama kadi imefungiwa kwa funguo tatu. Akigombana na chama, huweza kwenda dukani na kupewa laini nyingine yenye namba ile ile, na kadi iliyo katika kasiki ikawa plastiki tupu. Taasisi huweza kusajili laini kwa jina lake, kwa nyaraka zinazoithibitisha na kwa mtu iliyemteua kuiwakilisha. Gharama yake ni usumbufu wa siku moja.

Katika daftari la mali ya chama, mahali palipoandikwa “kadi ya simu, 1” hapatoshi tena. Yafaa paandikwe namba ya laini, jina lililosajiliwa, na aina ya simu. Kwa kubonyeza *#06# simu huonyesha namba yake ya kiwandani, na ikiwa inakubali laini isiyo na kadi, aghalabu huonyesha pia ile namba ya tarakimu 32. Mwanachama naye, kwa kubonyeza *106#, hutazama ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoitambua, aende kwa kampuni husika ikafungwe. Namba za matapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Makabidhiano ya laini isiyo na kadi yana mpangilio wake, na makosa hutokea hasa pale laini ya chama ilipokuwa ndani ya simu binafsi ya katibu anayeondoka. Akiifuta katika simu yake, hakuifuta katika daftari la kampuni: namba bado ipo, usajili bado upo, ila haina simu ya kuipokea. Kwa hiyo mwakilishi mpya atambulishwe kwanza kwa kampuni, laini itolewe upya katika simu ya chama, ujumbe wa majaribio upokewe mbele ya mashahidi, na namba ya siri ya huduma ya fedha ibadilishwe papo hapo. Baada ya hayo katibu wa zamani afute laini iliyobaki katika simu yake, ambayo kufikia hapo itakuwa imekwisha kupoteza mtandao.