Wekundu Usioonekana

Wengi wa bibi na babu zetu waliorudi Oman kutoka Unguja, Pemba na Mombasa baada ya 1970 walikuwa vijana wakati ule. Sasa wamezeeka, na baadhi yao hawainuki tena kitandani. Anayewaosha na kuwageuza mara nyingi ni dada wa kazi, na pale anapotoka Afrika Mashariki, maelezo ya daktari humfikia kwa Kiswahili chetu sisi wajukuu. Tukikosea neno, anayeumia ni bibi.

Vidonda vya kulalia hutokea uzito wa mwili unapobana nyama baina ya mfupa na godoro. Damu haipiti, nyama inakufa. Hushika zaidi chini ya kiuno, nyonga na visigino. Ubaya wake, vingine huanzia ndani: ngozi ikipasuka, chini kumeshaharibika.

Vitabu vya uuguzi hufundisha kutafuta wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwa mtu mweusi au wa maji ya kunde, wekundu huo aghalabu hauonekani. Tafiti katika nyumba za wazee za Marekani zimekuta kuwa dalili za mwanzo kwa watu weusi huandikwa mara chache, huku vidonda vilivyokwenda chini vikiwa vingi zaidi kwao. Kwa hiyo ukimwambia dada "tazama kama pamekuwa pekundu", unamtuma kitu asichoweza kukiona. Mwambie aguse. Pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva mno? Bibi anashtuka pakiguswa? Pamezidi weusi? Na asipakande kwa mafuta. Majumbani hufanywa kwa huruma, lakini kusugua huzidi kuumiza.

Kuhusu kugeuza, hospitali nyingi zimeshika kanuni ya kila baada ya saa 2. Nancy Bergstrom, aliyetunga na Barbara Braden kipimo cha hatari kinachoitwa Braden mwaka 1987, aliijaribu kanuni hiyo. Utafiti wake ulitoka 2013: wazee 942 wa Marekani na Kanada, wengine wakigeuzwa kila saa 2, wengine 3, wengine 4, kwa wiki 3. Waliopata vidonda walikuwa 19 tu, na hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi. Wapo watakaofurahi haraka. Lakini wazee wale walilalia magodoro ya sponji nzito yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, walianza bila kidonda, na ngozi yao ilikaguliwa kila walipogeuzwa. Godoro la kawaida lililobonyea katikati halimo katika hesabu hiyo.

Tuliposoma hayo tulifikiria sala. Adhuhuri, alasiri, magharibi na isha zinakaa vizuri ndani ya zile saa 4. Adhana ikiita, bibi anageuzwa, na hakuna anayesahau. Tatizo kubwa ni usiku. Kutoka isha mpaka alfajiri hapa Muscat ni zaidi ya saa 7, na dada wa kazi aliyeamka kabla ya watu wote naye anahitaji kulala. Hapo ndipo wajukuu wanaokesha na simu wanapotakiwa: angalau mara moja au mbili kati ya usiku, bibi ainamishwe kidogo upande wa pili, mto mgongoni, mwingine baina ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro.