Pumu ya ngozi: je, ni yai lenye hatia?

Bila shaka umepata kumwona mtoto wa namna hii, kama si nyumbani kwako basi kwa jirani. Usiku wa manane, wenzake wakiwa wamelala fofofo, yeye yu macho anajikuna. Asubuhi shuka lina madoa ya damu, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imechubuka, na mama yake, ambaye alfajiri hiyo hiyo yampasa awe kituoni akisubiri basi la kwenda kazini, hakupata usingizi hata wa saa mbili. Wazee huyaita maradhi hayo ukurutu. Hospitalini huitwa pumu ya ngozi. Hayaambukizi. Nalisema jambo hilo mapema kwa sababu wapo watoto wanaokaa peke yao kwenye dawati kwa kosa hilo tu la kujikuna.

Mwandishi wa makala haya anayafahamu maradhi hayo kwa karibu, maana mtoto wa dada yangu anayo tangu alipokuwa na miezi minne. Dada anaishi Tandika, katika nyumba ya wapangaji wengi, na katika nyumba ya namna hiyo kila mpangaji ni daktari. Bibi mzaa baba alikuwa wa kwanza kutoa hukumu: "Mwanangu, mtoto huyu damu yake chafu, mwondolee mayai." Mayai yakaondolewa. Ngozi haikutulia, ndipo jirani akasema ni samaki. Baadaye yakafuata maziwa, kisha karanga, kisha maharage. Alipotimiza miaka miwili, mtoto yule alikuwa anakula ugali, mchicha na uji mweupe usio na kitu. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ukaanza kushuka. Kuwashwa kulibaki pale pale.

Sidhani kwamba dada alifanya ujinga. Mzazi anayemwona mwanawe akijichana kwa kucha hutafuta cha kushika, na chakula ni kitu anachoweza kukitawala. Lakini yafaa tuelewe kwanza maradhi yenyewe yanatoka wapi.

Chanzo chake kikubwa kiko kwenye ngozi yenyewe na katika urithi. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, nchini Uskochi, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba watu wengi wenye pumu ya ngozi wamerithi hitilafu katika protini iitwayo filagrini, ambayo kazi yake ni kuifanya ngozi ya juu ishikamane na kuhifadhi unyevu. Fikiria nyumba ya udongo ambayo kandiko lake limebanduka: upepo unaingia, mvua inaingia, na wadudu nao wanaingia. Ngozi yenye kasoro hiyo hupoteza maji, hukauka, kisha jasho, vumbi, sabuni kali na vijidudu hupenya na kuiudhi. Ndiyo maana mtoto aogeshwaye kwa sabuni ya kufulia, akasuguliwa kwa dodoki hadi ang'ae, hujikuna zaidi usiku ule.

Je, chakula hakihusiki kabisa? La, kinahusika, ila kwa baadhi yao tu, na hasa watoto wadogo ambao maradhi yao ni makali. Vyakula vinavyojulikana zaidi kwa kuleta mzio ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, ngano, soya, samaki na jamii ya kamba. Mzio wa kweli aghalabu haujifichi: katika dakika chache, au mnamo saa mbili hivi, midomo huvimba, mabaka huinuka mwilini, mtoto hutapika au huanza kupumua kwa shida. Akipumua kwa shida ni mbio hospitali. Hali hiyo ni tofauti na ukavu na mwasho wa kila siku, ambao hupanda na kushuka wenyewe kiasi kwamba chakula chochote kilicholiwa jana chaweza kusingiziwa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Kwa miaka mingi wazazi katika nchi za Magharibi waliambiwa wawanyime watoto wachanga karanga ili kuwakinga. Kisha huko London uchunguzi ukafanywa kwa watoto 640 wa umri wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu kali ya ngozi, au mzio wa mayai, au vyote viwili. Nusu walilishwa karanga laini mara kwa mara, nusu walinyimwa kabisa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Miongoni mwa wale ambao mwanzoni kipimo cha ngozi hakikuonyesha mzio, walionyimwa karanga walipata mzio karibu 14 katika kila 100 walipofikia miaka mitano. Waliolishwa hawakufika hata 2 katika 100. Yaelekea mwili uliozoea chakula kupitia tumboni hukipokea kama mgeni wa heshima, lakini chembe zake zikiingia kwanza kupitia ngozi iliyochubuka, hukiona mwizi. Sisemi ukimbilie karanga leo. Mtoto mchanga mwenye maradhi makali aonwe na daktari kwanza, tena karanga nzima humkaba mtoto. Huliwa ikiwa imesagwa laini katika uji.

Kunyima nako kuna gharama yake. Mwaka 2001 madaktari wa ngozi nchini Marekani, nchi isiyo na upungufu wa chakula, waliandika habari za watoto 12 waliopatwa na kwashakoo. Baadhi ya wazazi wao waliwaondolea maziwa kwa kudhani yanawadhuru, wakawapa badala yake kinywaji cha mchele. Kwashakoo yenyewe, kama wajuavyo wauguzi wetu, hubabua ngozi. Mtu anakimbia ukurutu na kuangukia kwingine.

Vipo pia vyakula vinavyosingiziwa. Vibua au jodari waliokaa juani bila barafu hujaa histamini, kemikali ambayo moto wa jiko hauiondoi. Mlaji huiva uso, huwashwa na kuumwa kichwa, akasema ana mzio wa samaki, kumbe kosa ni la barafu. Embe nalo lina utomvu kwenye ganda, na utomvu huo huwababua watu wengine midomo. Limenye kwa kisu, ulikate vipande, na mara nyingi shauri limekwisha.

Kama unashuku chakula fulani, chukua daftari. Andika mtoto alichokula, saa, hali ya ngozi, na pia joto la siku, sabuni na nguo aliyovaa. Baada ya majuma machache lipeleke kwa mganga. Akiona inafaa, ataondoa chakula kimoja, narudia kimoja, kwa majuma mawili hadi manne, kisha kitarudishwa na kuangaliwa. Chakula kilichopata kuvimbisha midomo kisijaribiwe nyumbani kamwe. Naye mama anyonyeshaye hana sababu ya kujinyima mayai na samaki kwa kubahatisha.

Matibabu yenyewe hayana mbwembwe: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, na mafuta ya mgando yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, asubuhi na jioni. Maradhi yakipanda, daktari huandika dawa ya kupaka ya jamii ya steroidi, ya nguvu iliyopimwa na kwa siku zilizohesabiwa. Hofu yangu ni zile tyubu zinazouzwa bila cheti, ambazo nyingine huishia katika mkorogo: hutuliza kwa siku tatu, na zikitumika kwa miezi hukondesha ngozi na kuacha michirizi isiyofutika. Uendapo hospitali, beba tyubu zote ulizopata kutumia, hata zile unazozionea haya.

Yafaa pia ujue kwamba vitabu vingi vimeeleza wekundu wa ngozi, ilhali kwenye ngozi yetu nyeusi maradhi haya huonekana kama weusi uliozidi, rangi ya kijivu au vipele vidogo vidogo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa KCMC, Moshi, mwaka 1992, kimewafundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika kuitambua ngozi hiyo, basi omba barua ya rufaa ukiona hupati nafuu.

Mtoto wa dada yangu alifikishwa kwa mganga wa aina hiyo. Swali la kwanza aliloulizwa dada ni iwapo midomo ya mtoto ilipata kuvimba. Akakumbuka kashata aliyopewa siku ya arusi, na jinsi uso ulivyofura kabla nyimbo hazijakwisha. Basi karanga zimebaki marufuku, na vile vinne vingine vikarudishwa kimoja kimoja. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa mkekani na yai la kuchemsha, kiini amekipaka hadi shavuni. Dada alikuwa akipepeta mchele, lakini macho yake yalikuwa kwenye shavu lile.