Yusufali Kechery, Mshairi wa Kerala

Katika jimbo la Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India, mshairi wa vitabu na mtunzi wa nyimbo za sinema aghalabu huwa ni mtu mmoja. Vayalar Ramavarma, P. Bhaskaran na O. N. V. Kurup, ambao diwani zao zina heshima kubwa mbele ya wanazuoni wa lugha ya Kimalayalam, ndio hao hao waliotunga nyimbo za filamu zinazoimbwa majumbani na njiani. Katika safu hiyo tukufu alisimama Yusufali Kechery, ambaye habari zake zastahili kusimuliwa kwa Waswahili, kwa kuwa maisha yake ni ushahidi wa jambo kubwa: lugha haina mrithi wa haki ila yule aliyejitaabisha kuisoma.

Alizaliwa tarehe 16 Mei 1934 huko Kechery, katika wilaya ya Thrissur, akalichukua jina la mji wake mpaka mwisho wa umri. Alisoma katika chuo cha Sree Kerala Varma, kisha akahitimu sheria na kuwa wakili. Jamii ya Waislamu aliyotoka ina fasihi yake yenye fahari: hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, kama Waislamu wengi wa mwambao wetu, na mashairi yao ya kale yaliandikwa kwa hati za Kiarabu katika lugha ya Kimalayalam, kama wazee wetu walivyoziandika tenzi za Kiswahili. Angaliweza kutosheka na urithi huo, nao si haba. Bali alikwenda kwa K. P. Narayana Pisharody, mwanachuoni mashuhuri wa Kisanskriti, akajifunza kwake lugha hiyo kongwe ambayo ndiyo ya vitabu vitakatifu vya Wahindu.

Elimu hiyo haikuwa pambo. Kimalayalam kimechota kwa Kisanskriti maneno mengi mno, kama Kiswahili kilivyochota kwa Kiarabu, na mshairi aliyefika kwenye chemchemi huyatumia maneno hayo kwa yakini asiyoweza kuwa nayo aliyeyaokota njiani. Tena arudhi ya Kisanskriti haitosheki na kuhesabu mizani. Hupima silabi fupi na ndefu, kila moja mahali pake. Mtunzi wa nyimbo za filamu hufungwa na kisa cha mchezo, na tabia ya mwenye kuimba, na urefu wa kila sauti ya muziki. Basi aliyezoea sheria kali za arudhi ile huziona pingu hizo kuwa nyepesi.

Yusufali aliingia katika sinema kwa filamu ya Moodupadam ya mwaka 1963, na baadaye akaongoza filamu yeye mwenyewe, mathalan Maram ya mwaka 1973 na Neelathamara ya mwaka 1979, ambayo mchezo wake uliandikwa na M. T. Vasudevan Nair. Lakini tendo lake la kustaajabisha lilidhihiri mwaka 1988 katika filamu ya Dhwani. Muziki wake ulitungwa na Naushad wa Lucknow, yule yule wa filamu ya Mughal-e-Azam, ambaye jina lake si geni kwa wapenzi wa sinema za Kihindi katika pwani yetu. Humo mna wimbo wa kumsifu Rama, mungu wa Wahindu, maneno yake yote Kisanskriti: aliyeyatunga ni Mwislamu, aliyeyatilia muziki ni Mwislamu, na aliyeyaimba ni K. J. Yesudas, aliyezaliwa katika nyumba ya Kikatoliki huko Kochi. Wahindu waliupokea wimbo huo kwa mapenzi makubwa, na hata leo wengi huuimba kama wimbo wa ibada.

Baadaye aliziandikia nyimbo filamu za Sargam, mwaka 1992, na Parinayam, mwaka 1994, zote mbili kwa muziki wa Ravi wa Bombay. Na kwa wimbo wa Kisanskriti katika filamu ya Mazha, ya mwaka 2000, alipewa tuzo ya taifa la India ya utunzi wa nyimbo. Alipata pia kuwa rais wa Kerala Sahitya Akademi, baraza kuu la fasihi la jimbo lake. Alifariki dunia tarehe 21 Machi 2015.

Wako watu wanaodhani kwamba kuisoma lugha ya ibada ya mwenzako ni kupunguza imani yako, na wako wanaodhani kwamba mgeni akiigusa lugha yao huichafua. Yusufali aliwajibu wote wawili bila ya kugombana na mtu, kwa kutunga vizuri tu. Fasaha ya namna ile haipatikani kwa nasaba wala kwa kujigamba. Hupatikana kwa kukaa kitako mbele ya mwalimu miaka mingi, kwa adabu na subira. Kijana wetu anayetamani kuwa mtunzi, awe wa mashairi au wa nyimbo, na aanze hapo.