Kufugwa, Kuzaliwa na Kuzalishwa: Istilahi za Nyoka wa Kifungoni

Miongoni mwa tafsiri tulizoletewa ili tuzikague, imo fomu ya kibali cha kusafirisha nyoka hai nchi za nje. Mfasiri ametumia neno "waliofugwa" kila mahali. Kwa Kiswahili cha kila siku hakukosea, kwani mfuga kuku haulizwi kuku wake wametoka wapi. Lakini kwa nyoka adimu, asili ndiyo swali lenyewe.

Tuchukue mfano wa Atheris desaixi, nyoka mwenye sumu apatikanaye Kenya tu, katika misitu michache ya pande za Mlima Kenya na Nyambene. Mwaka 2016, mkutano wa Johannesburg ulimwingiza katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Nyoka huyu hatagi mayai kama chatu, bali huzaa watoto hai. Basi jike akikamatwa msituni akiwa na mimba, huenda akazalia tunduni. Je, watoto hao wahesabiwe kuwa mazao ya ufugaji?

Kwa taratibu za mkataba, sivyo. Watoto hao hupewa herufi F. Herufi C ni ya wale ambao wazazi wao walipandana humo humo kifungoni, katika kundi lisilotegemea nyongeza kutoka porini, nalo limefikia kizazi cha pili au limethibitishwa kuwa laweza kukifikia. Herufi W ni ya wanyama waliotwaliwa porini. Herufi R ni ya wale waliochukuliwa porini wangali mayai au wachanga, ambao wengi wao wasingaliishi hadi utu uzima, wakakuzwa mahali panapodhibitiwa.

Hapana haja ya kukopa maneno, kwani kauli za vitenzi vyetu zatosha. "Zaliwa" hueleza kuzaliwa tu. "Zalishwa" ina kiambishi cha kusababisha, yaani yupo aliyeufanya uzazi huo utokee. Kwa hiyo twapendekeza:

W: wa porini
R: aliyekuzwa kutoka porini
F: aliyezaliwa kifungoni
C: aliyezalishwa kifungoni

Yupo atakayesema kwamba mkunga naye huzalisha. Ni kweli, lakini kwa mkunga azalishwaye ni mama, na hapa ni mtoto. Ama neno "kifungoni" tumelichagua badala ya "tunduni" kwa sababu tundu ni chombo, na kifungo ni hali. "Kizimbani" nako kumekwisha kuzoeleka mahakamani.

"Ufugaji" na ubaki kuwa jina la kazi nzima, wala usiandikwe penye swali la asili. Karani akijaza C mahali pa F, uzao wa jike aliyetwaliwa msituni hupita mpakani kwa jina la mazao ya kifungoni, na hasara ya msitu haihesabiwi popote. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni yao.