Upweke: Vidole Vyako Kwenye Simu Vinasema Nini?

Upweke si kukaa peke yako. Mtu anaweza kuishi katika nyumba yenye watu kumi, simu haimtoki mkononi, na bado akawa mpweke. Upweke ni hali ya mtu kuona kwamba hana wa kumsikiliza wala wa kumwegemea.

Jambo hili si dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilieleza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Upweke huongeza hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na sonona.

Je, simu inaingiaje hapa? Mwaka 2013, katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, wanafunzi 48 walibeba kwa wiki 10 simu zenye programu ya kupima usingizi, mwendo na muda wa mazungumzo yao, kisha vipimo hivyo vikalinganishwa na majibu yao kuhusu upweke na huzuni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, nao walitengeneza programu iitwayo BiAffect. Hii huangalia uchapaji: muda unaopita kati ya herufi moja na nyingine, mtu anafuta mara ngapi, na simu inavyotikisika mkononi. Maneno yenyewe haiyasomi. Utafiti wao wa mwaka 2018, kwa wagonjwa wachache ambao hisia zao hupanda na kushuka, ulionyesha kuwa uchapaji huenda pamoja na hali ya moyo.

Sababu ni kwamba kuandika kunahitaji akili, macho na vidole kufanya kazi pamoja. Akili ikielemewa na huzuni au kukosa usingizi, vidole navyo hubadilika.

Lakini tahadhari: hii ni ishara tu, si kipimo cha upweke. Anayechapa polepole huenda macho yamepungua nguvu, au simu yake ni mbovu. Linalofaa kuangaliwa ni mabadiliko. Aliyekuwa akiandika kwa kirefu sasa anajibu "sawa" tu. Aliyekuwa akilala mapema sasa anatuma ujumbe saa nane za usiku.

Ukiona hivyo kwa mwanao, mkeo, mumeo au mzazi wako, usiifungue simu yake kwa siri. Dini yetu imekataza kupelelezana, na aliyepelelezwa huzidi kujifungia. Mpigie umsikie sauti, au mtembelee. Kaeni sinia moja, simu zikiwekwa kando, umuulize hali yake na usubiri jibu. Huzuni ikizidi wiki mbili, au akizungumzia kujidhuru, mpelekeni hospitali bila kuchelewa.