Wahinda wa Ng'ambo Mbili

Ukitoka stendi ya Bukoba kwenda Muleba, mwombe kondakta akuketishe karibu na mzee. Mkishapita Kemondo na Muhutwe ataanza kukuonyesha mipaka isiyokuwepo tena: hapa Kianja, kule mbele Ihangiro. Kila nchi na Omukama wake, yaani mfalme, kila Omukama na katikiro wake, waziri wake mkuu.

Wahinda waliotawala Ihangiro ndio waliotawala Karagwe na, huko Uganda, Ankole. Kiziba ilishikwa na Wabito, ukoo wa watawala wa Bunyoro. Watawala wa pande mbili za mpaka walikuwa ndugu. Uhuru ndio uliowatenganisha.

Tanganyika ilifuta uchifu kwa sheria mwaka 1963, bila risasi. Mwaka huohuo Uganda ilimfanya Mutesa II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kuwa Rais! Mei 1966 Obote, aliyeongoza serikali, akapeleka jeshi Mengo, kwenye kasri la Kabaka; Kabaka akakimbilia Uingereza, na katiba ya 1967 ikafagia falme zote. Rais Museveni alirudisha baadhi yake 1993, ila siasa za vyama mfalme haruhusiwi kuzigusa.

Mbona Kagera, mkoa wa Bukoba na Muleba, haikudai wafalme wake kwa kishindo kama Buganda? Wengine watasema ni Nyerere. Mimi nasema ni nyarubanja, mfumo wa zamani wa kumiliki ardhi. Omukama aliweza kumgawia mtu wake vibanja, yaani mashamba ya migomba, pamoja na watu waliomo; ulilala mwenye shamba, ukaamka mtwarwa, mpangaji tu, unamlipa twazi, bwana wa ardhi, kwa migomba aliyoipanda babu yako. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba kufuta uchifu hakukutosha. Ilibidi itungwe sheria nyingine mwaka 1965 ya kuwafungua watwarwa.

Tazama Ankole. Buganda, Bunyoro na Toro zilipata wafalme wao, lakini Omugabe, mfalme Mhinda wa Ankole, hajarudishwa hadi leo. Bairu, wakulima waliotawaliwa, walikuwa hawajasahau nani alikuwa juu ya nani.

Leo, mahali pa Omukama, kuna mkuu wa wilaya ya Muleba anayeteuliwa na Rais. Uganda wana mteule wa Rais na mwenyekiti wa wilaya aliyechaguliwa, nao hugombana mara kwa mara. Wakenya humpigia kura gavana wao tangu 2013. Niliposema hayo ndani ya daladala, mzee niliyeketi naye alicheka tu. Alipokuwa anashuka akanionyesha kibanja kando ya barabara.

"Mwanangu, nikiwa mdogo nilibeba pombe ya rubisi kutoka hapa kumpelekea twazi. Kibuyu kilikuwa kikubwa kuliko mimi."